Uainishaji Mpya wa Udongo Unaoozesha Vitunguu, Pamoja na Pingamizi Zinazotarajiwa

Wataalamu wa udongo wameugawa udongo wa dunia kwa rangi, kwa ukubwa wa chembe zake, kwa chumvi na kwa uchachu. Mkulima wa vitunguu ana mgawanyo wake mfupi zaidi: udongo mzuri ni ule uliompa magunia mwaka jana, udongo mbaya ni huu wa mwaka huu. Migawanyo hii miwili imeishi kwa amani kwa sababu wenye nayo hawakutani mara kwa mara. Hata hivyo yote ina upungufu. Wa kwanza haumwelezi mkulima kwa nini kitunguu kimeng'oka kwa vidole viwili bila ubishi wowote, mizizi ikibaki ardhini. Wa pili unaeleza, ila kila msimu unaeleza jambo jingine.

Makala haya yanaleta mgawanyo wa tatu. Rangi ya udongo hauiulizi. Unauliza mambo mawili tu: ni kuvu gani inaweza kupata riziki hapa, na ni nani aliyeileta.

Fasili

Mtafiti makini huanza kwa fasili ili baadaye msomaji asipate pa kumshikia. "Kitunguu" hapa ni kitunguu maji pamoja na ndugu yake saumu, kwa kuwa kuvu nyingi zinazotajwa humu hazijaona sababu ya kuwatenganisha. "Udongo" ni sentimita 30 za juu, maana mizizi ya kitunguu haina tamaa ya kushuka zaidi ya hapo. "Mkulima" ni mtu yeyote aliyewahi kusimama shambani, mikono kiunoni, akasema kwamba hii ni hewa tu, itapita. "Ugonjwa" ni kitu kinachoanzia kwa jirani.

Baka zambarau na ubwiri unyoya hayamo katika uchunguzi huu. Hayo ni magonjwa ya majani, yanachochewa na umande, ukungu wa asubuhi na upepo, na kwa hayo mkulima aliyefasiliwa hapo juu ana haki kamili ya kuilaumu hewa.

Daraja la kwanza: udongo wa baridi wenye subira

Huu ni udongo wa nyanda za juu, unaokaa kati ya nyuzi 10 na 20 za Selsiasi, wenye unyevu wa kadiri, mweusi au mwekundu, mara nyingi mzuri kwa kutazama. Kuvu yake ni ile ya uozo mweupe. Mwaka 1841 mchungaji wa Kiingereza Miles Joseph Berkeley, aliyekuwa akichunguza kuvu kuliko hata baadhi ya waumini wake, aliieleza kitaalamu na kuiita Sclerotium cepivorum. Baadaye wataalamu wengine waliihamishia kwenye jenasi Stromatinia. Kuvu yenyewe haikubadilisha chochote.

Dalili zake zinajulikana na wote waliopata hasara nayo. Majani ya zamani yanageuka njano kuanzia ncha, yanalala, kisha mmea mzima unanyauka. Ukiung'oa, unakuta kitako kimevaa utando mweupe laini kama pamba, na ndani ya utando huo kuna chembe nyeusi ndogo ndogo, kila moja ikiwa na upana wa chini ya nusu milimita. Mkulima huutazama ule weupe. Mtafiti anapaswa kuutazama weusi, kwa sababu weupe utakufa pamoja na mmea, lakini chembe zile nyeusi ndizo zitakazobaki kulimiliki shamba.

Chembe hiyo huitwa sklerotia, nayo ina sifa ambayo haijapatikana kwa mwanasiasa wala kwa dalali: inajua kungoja. Inaweza kukaa ardhini miaka 20 na zaidi bila kula. Haigusi mahindi, haigusi maharage, haigusi kabichi. Mkulima anayepumzisha shamba kwa kupanda mahindi miaka mitatu anadhani amemfukuza adui kwa njaa, kumbe kwa kuvu hii miaka mitatu ni usingizi wa mchana.

Inaamka kwa harufu, na hapa ndipo mtu mwenye akili zake anapaswa kustaajabu. Mizizi ya kitunguu hutoa ardhini viambato vyenye salfa ambavyo vyenyewe havina harufu kali. Bakteria wa udongo huvivunja vikawa gesi za salfa, jamaa ya zile zinazokutoa machozi jikoni. Gesi hizo zinapenya katikati ya chembe za udongo, na sklerotia iliyo jirani, ikizipata wakati joto na unyevu vikiwa sawa, inachipua na kuifuata mizizi. Harufu ya mahindi haiiamshi. Kwa maneno mengine, kitunguu ndicho kinachotangaza kwamba kimefika, na bakteria, ambao hawana kesi na mtu, ndio wanaopeleka salamu.

Udongo ukipanda zaidi ya nyuzi 25 hivi, ugonjwa unadorora. Ndiyo sababu kuvu hii ina sifa mbaya sana kwenye nyanda za juu za Ethiopia, ambako imewatesa wakulima wa saumu, na pia kwenye mashamba ya msimu wa baridi ya Misri na California, lakini haisikiki sana kwenye mabonde ya joto. Unyevu nao una kinaya chake: kiasi cha maji kinachoifurahisha mizizi ya kitunguu ndicho hichohicho kinachoifurahisha kuvu. Kwa hiyo nadharia inayopendwa na wengi, kwamba ugonjwa ni adhabu ya kulima vibaya, haina msingi katika daraja hili. Unaweza kumwagilia kwa adabu zote za kitabu na ukaoza.

Hesabu kidogo inafaa hapa, maana makala isiyo na hesabu haiheshimiwi. Imeshuhudiwa kwamba chembe moja tu katika kilo 10 za udongo inatosha kuanzisha hasara inayopimika, na zikifika 10 hadi 20 katika kilo moja, karibu kila mmea shambani unaambukizwa. Sasa chukua ekari moja na kina cha sentimita 20. Huo ni udongo wa tani elfu moja hivi. Chembe moja kwa kila kilo 10 ni chembe kama laki moja kwa ekari nzima. Ukizikusanya zote laki moja, haziwezi kuzidi sana kijiko kimoja cha chai. Kijiko cha chai kwa ekari! Tope lililoganda kwenye soli za mabuti ya kibarua mmoja aliyetoka kwenye shamba lililooza lina nafasi ya kutosha kwa sehemu nzuri ya mzigo huo.

Daraja la pili: udongo wa moto wenye siri

Tukishuka mabondeni tunakutana na udongo mwingine na kuvu nyingine. Hapa ni nchi ya vitunguu hasa: Mang'ola wilayani Karatu, pembeni ya Ziwa Eyasi, ambako chemchemi zinanywesha majaruba katika eneo ambalo bila maji hayo lingekuwa la vumbi, Ruaha Mbuyuni kando ya barabara kuu ya Iringa, na Singida, ambayo vitunguu vyake vinajulikana sokoni kwa jina la mkoa. Udongo wa sehemu hizi hupata joto, na kuvu yake ni Fusarium oxysporum, aina ile inayoshambulia vitunguu, yenye kuleta kuoza kitako.

Fusarium inapenda nyuzi 25 hadi 30 hivi. Chini ya 15 inakaa kimya. Kwa hiyo uozo mweupe na kuoza kitako wamegawana nchi kwa mwinuko, bila mkutano wala mpaka wa kuchorwa, na mgawanyo huo ni wa haki kuliko mingi iliyofanywa na binadamu. Kwenye miinuko ya kati, ambako msimu mmoja ni wa baridi na mwingine wa joto, mkulima hana budi kuwatarajia wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake.

Kuvu hii haina sklerotia. Badala yake hutengeneza spora zenye ukuta mnene zinazodumu ardhini kwa miaka, na inaweza kujishikiza kwenye mabaki ya mimea mingine. Huingia kwenye kitako cha kitunguu, hasa kupitia jeraha: pale jembe la palizi lilipokwaruza, pale funza wa kitunguu alipotafuna, pale mche ulipovunjwa mizizi wakati wa kuhamishwa. Mizizi inakuwa ya kahawia na kuoza, kitako kinalainika, na ukikata kitunguu kwa wima unaona rangi ya kahawia ikipanda kutoka chini kuelekea kwenye magamba.

Lakini siri ya daraja hili ni kwamba kitunguu kinaweza kuambukizwa shambani, kikavunwa kikiwa na sura njema, kikauzwa, kisha kikaoza kwa mtu mwingine. Hapo ndipo elimu ya kuvu inapokutana na elimu ya biashara. Fikiria gunia la lumbesa, lile lililojazwa kisha likaongezewa kichwa kwa kamba na vijiti, ambalo limepigwa marufuku mara nyingi kuliko kuvu yoyote na bado linasimama barabarani. Ndani yake vitunguu vimebanana, hewa haipiti, joto linapanda, jua la safari linaongeza lake. Kitako kilichoingiliwa Mang'ola kinakamilisha kazi yake kwenye godauni la mjini. Mnunuzi anafungua gunia, anashika pua, anapiga simu. Dalali anaapa kwamba mzigo ulitoka mzima. Mkulima anaapa vilevile. Wote wawili wanasema kweli kwa kadiri macho yalivyoona, na Fusarium haina simu.

Kwa mtazamo wangu, ugomvi huu ndio sababu kuu ya ugonjwa huu kutofahamika vizuri. Uozo mweupe unamwaibisha mkulima mbele ya majirani, kwa hiyo anautafutia jina. Kuoza kitako kunamwangukia mtu wa kilomita mia kadhaa, na mkulima anarudi kupanda jaruba lilelile akiwa na dhamiri safi.

Daraja la tatu: udongo uliochoka

Hili ni daraja la udongo uliopandwa vitunguu juu ya vitunguu mpaka ukakoma kushangaa. Kuvu yake inageuza mizizi kuwa ya waridi, kisha nyekundu, kisha zambarau, halafu mizizi inasinyaa na kufa. Mmea unaoteseka hutoa mingine, nayo inapakwa rangi vilevile. Kitunguu hakifi; kinabaki kidogo, cha kuuzwa kwa mafungu. Imewahi kuitwa Phoma, ikaitwa Pyrenochaeta, sasa inaitwa Setophoma terrestris, ikibadilisha majina kama mtu anayekimbia madeni. Inapenda joto, nyuzi 24 hadi 28 hivi, na inaishi pia kwenye mahindi na nyanya. Kwa hiyo kupokezana vitunguu na mahindi hakuiui kwa njaa.

Katika daraja hili naiweka pia fugwe ya vitunguu, kwa sababu tu sina pengine pa kuiweka. Yenyewe inaweza kukaa ardhini miaka mingi, lakini ina udhaifu mmoja unaochekesha: inamweza mche mchanga tu, tangu kuota mpaka jani la kwanza likomae. Mche uliokulia kwenye kitalu safi kisha ukahamishwa unapita mbele ya fugwe bila kuguswa. Kwa kuwa wakulima wetu wengi huotesha kitaluni na kuhamisha miche, wamejilinda bila kujua, na hakuna aliyewashukuru.

Daraja la nne: udongo wa zamu

Hapa uainishaji unaanza kutoka kwenye kuvu na kuingia kwenye mfereji. Udongo wa zamu ni ule unaopata maji kwa ratiba ya kamati. Mkulima ana siku yake, na hana uhakika na siku ijayo, maana walio juu ya mfereji wana vidole virefu. Basi zamu yake ikifika anajaza jaruba mpaka matuta yazame. Hakuna ujinga hapo. Mimi katika nafasi yake ningejaza vilevile.

Udongo uliozama unakosa hewa. Mizizi ya kitunguu, mifupi na isiyo na matawi mengi, inadhoofika, na kuvu za joto zinakuta mlango uko wazi. Kisha maji yanatoka jaruba hili kwenda lile, yakibeba spora, chembe nyeusi na mabaki ya vitunguu vilivyong'olewa na kutupwa palepale mferejini kwa sababu mferejini ndipo karibu. Uchunguzi wa ramani ya ugonjwa katika shamba la namna hii hauhitaji darubini. Fuata maji yanakoshukia.

Daraja la tano: udongo wa kukodi

Hakuna kitabu cha elimu ya udongo kinachoutambua udongo huu, na hilo ni kosa kubwa. Udongo wa kukodi unaweza kuwa wa mfinyanzi au wa kichanga, wa moto au wa baridi. Kinachoutambulisha ni kwamba hakuna aliye tayari kusimulia historia yake.

Mpangaji anakuja na fedha ya msimu. Anauliza kama maji yapo. Anauliza bei, anapunguziwa kidogo, wanashikana mikono. Haulizi msimu uliopita palipandwa nini na kiliishaje, na mwenye shamba, ambaye anajua, haoni sababu ya kujibu swali ambalo halikuulizwa. Msimu ukiharibika, mpangaji anahamia ekari nyingine akiwa na majembe yaleyale, mabuti yaleyale, na mara nyingi miche iliyobaki kwenye kitalu kilekile. Ekari ya zamani inapata mpangaji mpya. Baada ya misimu michache bonde zima limeunganishwa vizuri sana na watu ambao hawajuani.

Ukitaka kulitambua daraja hili, sikiliza maelezo yanayotolewa ugonjwa ukionekana. Nimeyapanga kwa mara yanavyosikika. La kwanza ni hewa. La pili ni mbegu feki, na hili mara nyingine ni kweli, ndiyo maana linatumika hata pasipo kweli. La tatu ni mbolea kali. La nne ni jirani mwenye kijicho. La tano, ambalo hutolewa kwenye duka la pembejeo na mtu anayeuza, ni kwamba dawa iliyopigwa ilikuwa hafifu na ipo nyingine mpya. Mkulima anajaza pampu na kupulizia majani kwa ugonjwa ulio kwenye kitako. Majani yanang'aa. Kitako kinaendelea na shughuli zake.

Pingamizi zinazotarajiwa

Msomaji mwenye hasira atauliza kama mwandishi amesikia habari za chokaa. Amesikia. Kitunguu chenyewe hupenda uchachu wa kadiri, pH ya 6 hadi 7, na jamaa za Fusarium kwa ujumla hujisikia nyumbani zaidi penye uchachu na penye mbolea za amonia, kwa hiyo chokaa mahali panapoihitaji si kazi bure. Lakini kuitegemea iue sklerotia ni kuitwisha mzigo usio wake.

Wa pili atasema samadi. Samadi iliyooza vizuri inalegeza udongo, inaingiza hewa, inaongeza viumbe wanaogombana na kuvu. Samadi iliyochanganywa na maganda na vitako vya vitunguu vilivyooza ni jambo jingine kabisa: hiyo ni mbegu ya ugonjwa iliyotiwa rutuba.

Pingamizi ya tatu ni ya mwenye nailoni, nami nampa heshima yake. Katika sehemu zenye jua kali, udongo ulionyeshewa maji kisha ukafunikwa kwa nailoni angavu kwa wiki nne hadi sita za msimu wa joto hupanda joto kiasi cha kupunguza kuvu nyingi za tabaka la juu, ikiwemo ile ya mizizi ya waridi. Inafaa kwa kitalu. Kwa ekari tano, gharama ya nailoni itaozesha mfuko kabla kuvu haijaoza.

Ipo pia hila moja nzuri ambayo watafiti wa California na Uingereza wameifanyia majaribio, nayo inalipiza kisasi kwa akili. Kwa kuwa sklerotia huamshwa na harufu, unaweka ardhini viambato vya saumu, au unga wa saumu, wakati shamba halina kitunguu na udongo ni wa baridi inayofaa. Chembe zinaamka, zinachipua, hazikuti mzizi, zinamaliza akiba yao na kufa. Sehemu kubwa ya chembe inaweza kuondoka kwa njia hii. Si zote, na ukikumbuka hesabu ya kijiko cha chai utaona kwa nini kubaki kwa chache bado ni habari mbaya.

Pingamizi ya mwisho huja kwa sauti ya chini: mbona babu zetu walilima vitunguu na havikuoza? Havikuwa vingi. Babu alipanda matuta machache pembeni mwa mji, akahama mahali alipochoka napo, akala mavuno yake mwenyewe, na miche aliitoa kwenye mbegu zake. Hakupokea mabuti ya mtu aliyetoka bonde la pili asubuhi hiyo. Udongo wake haukuwa na tabia njema kuliko wetu. Ulikuwa haujaletewa mgeni.

Matokeo

Joto la udongo linaamua ni kuvu gani itakula. Maji yanaamua itakula kwa kasi gani na itahamia wapi. Kuwepo kwake shambani, kwa sehemu kubwa, kunaamuliwa na watu: mche ulionunuliwa bila kutazamwa mizizi, kidole cha saumu kilichopandwa kutoka kwenye kichwa chenye utando, jembe lisilooshwa, kitunguu kilichooza kikatupwa mferejini. Madaraja manne ya kwanza bwana shamba anaweza kuyashughulikia. La tano linahitaji mwenye shamba mkweli na mpangaji mdadisi, na mpaka sasa hawajapatikana kwa wingi.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda kukodi ekari msimu ujao: kabla ya kutoa fedha, uliza vitunguu vilipandwa hapo lini mara ya mwisho na viling'olewa vikiwa na hali gani. Pita pembezoni mwa mfereji utazame vilivyotupwa. Miche ioteshe mwenyewe kwenye kitalu ambacho hakijawahi kuona kitunguu. Na ukikuta zile chembe nyeusi kwenye kitako cha mmea, ung'oe pamoja na udongo wake, uuchome nje ya shamba, osha jembe na mabuti, panda kitu kingine hapo, kisha mwambie anayekodi baada yako.